Sanduku la Kaseti: Tukumbuke Nini, Tusahau Nini?

Masomo: 2 Wafalme 22:3–13 na 23:1–3, Yoshua 4:1–7, Isaya 43:16–19

Wapendwa katika Bwana, familia zote za zoni na vijiji vya kambi yetu ya Nyarugusu, pamoja na ninyi mliokwisha kwenda mbali ambao barua hii ya kanisa inawafikia kwa mikono ya ndugu, Bwana Yesu asifiwe! Tunawasalimu kwa jina lake yeye ambaye akiwa mtoto mchanga alibebwa usiku na wazazi wake kukimbilia Misri. Yeye anajua maisha ya ugenini kuliko sisi.

Mwezi huu tunawaletea somo ambalo lilianzia katika stoo ya kanisa. Wengi wenu mmekwisha kusikia habari zake huko kisimani na kwenye mgao, na kama kawaida habari zikipita midomo mingi zinageuka. Ndiyo maana tumeona vema tuwaeleze kwa utaratibu, kisha tutazame Neno la Mungu linatufundisha nini.

Mafundi walipokuwa wanatengeneza ukuta wa nyuma wa kanisa kabla ya mvua, mashemasi walitoa nje vitu vyote vya zamani: ngoma zilizopasuka, gitaa lisilo na nyuzi, madaftari ya Shule ya Jumapili. Chini kabisa palikuwa na sanduku la bati ambalo kufuli lake lilikuwa limekula kutu. Ndani yake tulikuta kaseti 63. Zilikuwa mali ya mzee wetu mmoja, katibu wa kwaya, ambaye amekwisha kulala. Mwaka 1996, wakati vita vilipoingia Uvira na Fizi, watu walivuka Ziwa Tanganyika na kile mkono ulichoweza kukamata. Wengine walibeba sufuria, wengine godoro. Yeye alibeba mtoto mgongoni na lile sanduku kichwani. Watu walimcheka ndani ya mtumbwi. Baada ya kifo chake familia ilikabidhi sanduku kwa kanisa, na miaka ikapita juu yake.

Vijana wetu walipoziona waliuliza waya unaingilia wapi. Si kosa lao. Wamezaliwa katika siku za simu. Basi tuwaeleze kidogo. Kaseti ya namna hii ilionyeshwa mara ya kwanza na kampuni ya Philips huko Berlin mwaka 1963. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma, jamaa ya kutu. Sauti inaingia katika unga ule kwa nguvu ya sumaku, na inakaa humo. Ile iliyoandikwa 60 inabeba dakika 30 kila upande, ile ya 90 inabeba dakika 45. Redio ikila kaseti, tulikuwa tunautoa utepe polepole na kuuzungusha kwa kalamu ya biki. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya tisini tulijifunza nyimbo zetu zote kwa njia hiyo.

Wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya na akina mama wachache tulikaa jioni kadhaa na redio kaseti iliyotengenezwa na fundi wa sokoni. Kaseti 22 zilikuwa zimeharibika kwa ukungu na joto. Zile 41 zilisema. Na katika kusikiliza, Mungu alisema nasi mambo manne.

1. NYUMBA YA MUNGU IKITENGENEZWA, VILIVYOSAHAULIKA VINAONEKANA

Katika 2 Wafalme 22 tunasoma juu ya mfalme Yosia. Babu yake Manase alitawala miaka 55, akaijaza Yerusalemu sanamu. Baba yake Amoni alifuata njia ileile. Yosia alianza kutawala akiwa mtoto wa miaka minane, na katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake aliagiza hekalu litengenezwe. Walipoanza kushughulika na maseremala na waashi, kuhani Hilkia akakiona kitabu cha torati.

Angalieni kitabu kilikuwa wapi. Hakikuwa kimepotea Ashuru wala Misri. Kilikuwa ndani ya nyumba ya Bwana, na watu walikuwa wanaingia na kutoka kila siku. Mara nyingi sisi wakimbizi tunasema kwamba kila kitu chetu kilibaki ng'ambo ya ziwa. Ni kweli mashamba yalibaki, makaburi ya wazee yalibaki, nyumba zilichomwa. Lakini si kila kitu. Kuna vitu Mungu alivivusha pamoja nasi, na sisi tumeviwekea magunia juu yake.

Tena angalieni Yosia alifanya nini. Hakusema, “Ni kitu cha zamani, kipelekwe stoo.” Shafani alipokisoma mbele yake, mfalme alirarua mavazi yake. Halafu akatuma watu kwa nabii mke Hulda ili kujua maana yake. Na mwisho akakisoma mbele ya watu wote, wadogo kwa wakubwa. Huo ndio utaratibu mwema kwa kila kilichopatikana: kusikiliza, kuhuzunika panapostahili, kutafuta shauri la Mungu, ndipo kuwaeleza watu wote.

2. SAUTI INABEBA KITU AMBACHO KARATASI HAIBEBI

Kati ya kaseti zile, tisa hazikuwa za nyimbo. Zilikuwa barua. Ninyi wazee mnakumbuka. Miaka ile simu hazikuwa zimetufikia. Kulikuwa na barua za Msalaba Mwekundu, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini zilikuwa za karatasi ya wazi na habari za jamaa tu. Na wazazi wengi hawakujua kuandika. Basi mtu alikuwa anazungumza ndani ya kaseti, anaipa mfanyabiashara wa mitumbwi, na baada ya wiki au miezi inafika Kigoma na kutoka hapo kambini.

Moja iliandikwa juu yake: “Kwa watoto, Lugufu.” Ni sauti ya mama mmoja aliyebaki kijijini. Watoto wake walikuwa katika kambi ya Lugufu kabla haijafungwa mwaka 2009, na baadaye wakaletwa hapa. Mama yule anataja watoto wake mmoja mmoja kwa jina la nyumbani. Anamwambia mkubwa asiwapige wadogo. Anasema mihogo imeota vizuri. Nyuma yake jogoo anawika, na mtu fulani anatwanga. Hakuna habari kubwa ndani yake.

Tulimtafuta binti yake. Sasa ni mama wa watoto wanne, na mama yake alikwisha kufa bila wao kuonana tena. Tulimwuliza kwanza kama anataka kusikia, maana si kila mtu anaweza. Alikaa siku tatu bila kujibu, halafu akaja na watoto wake wote. Ilipokwisha alisema neno moja tu: “Nilikuwa nimesahau alivyokuwa analiita jina langu.” Watoto wake wakataka irudiwe, si kwa ajili ya maneno, bali wamsikie bibi yao anavyosema Kibembe.

Wapendwa, ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati 31 Mungu alimwagiza Musa aandike wimbo na kuwafundisha Waisraeli. Sheria walikuwa nayo tayari. Lakini Mungu alijua kwamba wimbo unakaa katika vinywa vya watoto hata wakati wazazi wamesahau. Familia zetu nyingi zimepelekwa Marekani na nchi nyingine, na huko watoto wanazungumza lugha nyingine wao kwa wao. Wale waliobaki hapa wamejazwa na mambo mengi ya simu. Msingojee mzee afe ndipo mseme, “Laiti tungalimwuliza.”

Na katika Yoshua 4, watu wa Mungu waliokuwa wanavuka maji walichukua mawe 12 kutoka katikati ya Yordani, wakayasimamisha Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake wapate jibu. Wenzetu wanaosema Kinyarwanda huziita betri za redio amabuye, yaani mawe. Miaka ile tulikuwa tunauza sehemu ya posho ili kununua betri mbili, na zikichoka tunazianika juani zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi. Basi na sisi tulikuwa na mawe yetu ya ukumbusho. Kazi iliyobaki ni kuwajibu watoto wakiuliza.

3. KASETI YA PASAKA 1995

Sasa tunafika mahali pazito, na tunaomba msome kwa utulivu.

Kaseti moja imeandikwa kwa wino wa bluu: “Mkutano wa Kwaya, Pasaka 1995.” Ni mwaka mmoja na nusu kabla ya vita. Mtangazaji anaziita kwaya moja baada ya nyingine, kutoka kando ya ziwa na kutoka milimani. Kuna wimbo wa Kibembe, kuna wa Kifuliru, na kuna kwaya ya ndugu zetu Wanyamulenge. Mwishoni wanaimba wote pamoja kwa Kiswahili wimbo mmoja wa kitabu cha Nyimbo za Wokovu, na huwezi kutenganisha sauti ya huyu na ya yule.

Chumba chetu kilinyamaza. Mzee mmoja ambaye ndugu zake wawili waliuawa alisimama akatoka nje. Tulidhani amekasirika. Aliporudi alisema, “Ile sauti nene ya nyuma ninaijua. Alikuwa jirani yetu. Mtoto wetu alipougua alitupa maziwa kila asubuhi, wala hakutaka malipo. Sijui kama yu hai.” Kisha akaketi.

Tukageuza upande wa pili. Wimbo ulianza vizuri, halafu ukakatwa. Ikaingia sauti ya mtu mmoja mwenye hasira. Tulielewa kwa maneno yake kwamba alijirekodi hapa kambini, mwanzoni mwa mwaka 1999, baada ya mauaji ya Makobola ya mwishoni mwa Desemba 1998, ambako alipoteza jamaa. Analia, halafu analaani. Analaani si wale waliotenda tu, bali kabila zima na watoto wao ambao hawajazaliwa. Anawaita vijana warudi kulipa kisasi. Anaendelea kwa dakika 12.

Kisha kukasikika mlio mdogo wa kitufe, na wimbo ukaendelea katikati ya ubeti, na kwaya zote zinaimba. Hasira yake haikutosha kufunika upande mzima.

Tulitazama mgongo wa kaseti. Ninyi mnaojua, pale nyuma kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, redio haikubali tena kurekodi juu yake. Mzee mwenye sanduku alikuwa amevivunja vyote viwili ili wimbo ulindwe. Lakini mtu aliziba tundu moja kwa karatasi iliyokunjwa, akarekodi juu. Pengine hakuwa na kaseti nyingine. Aliyesema maneno yale naye amekwisha kulala. Hatutaji jina lake wala hatumhukumu, maana maumivu yake yalikuwa ya kweli na waliouawa walikuwa watu wa kweli.

Hapo ndipo pakatokea mabishano kati yetu. Mmoja alisema kaseti ivunjwe, kwa sababu ni sumu. Mwingine alisema hapana, ichezwe kanisani yote, ili vijana wajue tulichotendewa. Wa tatu alisema tufute zile dakika 12 tu. Na wengine hawakupenda hata ule upande wa kwanza usikike, wakisema ni aibu kuwasikiliza wale tena. Tulizungumza jioni mbili, tukaomba, tukafungua Biblia.

Tulifungua Zaburi 137, zaburi ya waliohamishwa Babeli. Wengi wetu tunapenda mwanzo wake, wale watu walioketi kando ya mito wakilia na kuzitundika vinubi vyao. Lakini ni wachache wanaosoma mpaka mwisho. Zaburi ile inamalizika kwa maneno ya kutisha, ya kutamani watoto wachanga wa adui wauawe. Katika Shule ya Biblia tulifundishwa tusiruke maneno hayo. Mungu hakuyaondoa katika Kitabu chake. Alikubali wahamishwa wamletee hasira yao jinsi ilivyo. Lakini angalieni, waliileta kwake. Hawakuwapa vijana mapanga. Na Mungu huyohuyo, kwa mkono wa Yeremia, sura ya 29, aliwaagiza wahamishwa walewale wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea amani mji wa Babeli. Baadaye Bwana Yesu akatuamuru tuwapende adui zetu, na Paulo katika Warumi 12 akatuambia kisasi tumwachie Mungu.

Kwa hiyo wazee waliamua hivi. Kaseti haitavunjwa wala kufutwa. Kuifuta ni kusema kwamba marehemu yule hakulia na kwamba Makobola haikutokea. Lakini zile dakika 12 hazitanakiliwa, hazitachezwa mkutanoni, wala hazitatoka katika mikono ya wazee. Nyimbo za pande zote mbili zitanakiliwa na kupewa kila mtu anayezitaka, zikiwemo za ndugu zetu wa milimani, na mtangazaji asikatwe anapowataja.

Si wote walifurahi. Ndugu mmoja bado hajarudi katika kwaya. Mwombeeni, wala msimseme vibaya.

4. KUKUMBUKA KWA KWELI KUNATUFUNGULIA NJIA

Mtu atauliza, “Mchungaji, mbona Isaya 43:18 inatuzuia kukumbuka mambo ya kwanza?” Ni swali jema. Lakini someni kuanzia mstari wa 16. Kabla ya kusema hivyo, Mungu mwenyewe anawakumbusha njia aliyoifanya baharini, na magari na farasi waliozama. Katika mstari wa 19 anaeleza sababu: anatenda jambo jipya, njia katika jangwa. Tena katika Kumbukumbu la Torati 8:2 anawaagiza waikumbuke njia yote ya miaka 40. Basi Mungu hakatazi kujua yaliyopita. Anakataza tusihamie kuishi huko, kana kwamba hawezi kufanya njia nyingine.

Kuna kukumbuka kunakowarekodi watu upya juu ya wimbo, na kuna kukumbuka kunakoulinda wimbo. Mioyo yetu tunaijua, tunaweza kuyafanya yote mawili kwa siku moja.

Na tuwaambie waziwazi kwa nini tunaandika haya sasa. Mnajua habari za nyumbani. Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari 2025, na milima ya Fizi na Uvira imemwaga damu ya pande zote kwa miaka mingi. Leo sauti kama ile ya 1999 haihitaji kaseti wala karatasi ya kuziba tundu. Inaingia katika simu usiku, na kabla ya jogoo kuwika imefika Nyarugusu, Nakivale, Bujumbura na Marekani. Zile dakika 12 zilikaa ndani ya sanduku miaka mingi na hazikumdhuru mtu. Zingesemwa leo, zingesikiwa na maelfu kabla mwenyewe hajamaliza kulia. Mpendwa, ukiletewa sauti inayolaani kabila, usiipeleke mbele. Kama aliyeituma ni ndugu yako, mwendee, keti naye, mwulize amempoteza nani. Pengine anahitaji mtu wa kulia naye zaidi ya watu wa kumsikiliza.

Na tumshukuru Mungu kwamba wimbo umebaki. Kati ya zile kaseti zipo za marehemu Angela Chibalonza, mzaliwa wa Kongo, aliyefariki katika ajali ya barabarani nchini Kenya mwaka 2007. Wimbo wake Ebenezer ulifanya watu wengi wafungue 1 Samweli 7, wakatafuta lile jiwe la Samweli la kukiri kwamba mpaka hapo Bwana amesaidia. Samweli alilisimamisha baada ya miaka mingi ya kushindwa na maombolezo, na Wafilisti bado walikuwapo. Hata sisi hatujafika nyumbani. Lakini tunaweza kulisimamisha jiwe hapa.

KWA WALIO NA KASETI NYUMBANI

Ndugu wengi wameuliza wafanye nini na kaseti zao. Msizitupe. Ziwekeni mbali na jua, moshi wa jiko na spika kubwa. Yenye ukungu usiiingize redioni, itachafua kichwa cha kusomea. Kabla ya kucheza, zungusha utepe wote mbele na nyuma mara moja. Kunakili katika simu, tumieni waya kutoka tundu la visikilizio, au wekeni simu karibu na spika usiku watu wakiwa wametulia. Kaseti ya saa moja inachukua saa moja. Hakuna njia ya mkato. Andikeni jina la anayesema, mahali, mwaka na lugha. Vunjeni vijino vya nyuma. Na kama sauti ni ya mtu wa familia nyingine, ombeni ruhusa kwanza. Vijana wa kwaya watawasaidia kila Jumamosi baada ya mazoezi, bila malipo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MAOMBI YA NYUMBANI

1. Ni kitu gani Mungu alikivusha pamoja na familia yenu ambacho watoto hawajaelezwa maana yake?
2. Je, yuko mtu wa kabila lingine aliyewatendea wema kabla ya vita au wakati wa vita? Watoto wenu wanajua jina lake?
3. Someni Zaburi 137 yote. Tunapelekaje hasira yetu kwa Mungu bila kuwarithisha watoto?

TUOMBE

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliwavusha baba zetu na mama zetu juu ya maji. Wakumbuke waliozama, na waliouawa, na wale ambao sauti zao hatuna mahali pa kuzisikia tena. Pokea kilio cha kila mmoja wetu, hata kile chenye maneno mabaya, ukakisafishe. Walinde jirani zetu wa zamani popote walipo, na yule aliyetoa maziwa, kama yu hai, umbariki. Wape watoto wetu wimbo wa kuimba pamoja na watoto wao. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Mbarikiwe na Bwana. Ni sisi watumishi wenu katika shamba lake.